Tunda Mahali pa Jeconia

…wala hatukumdanganya, tulimwambia kuna tamasha na tamasha lipo, tulimwambia kutakuwa na boma la Kijaluo na boma ndilo hili, nyasi za paa bado mbichi na nyuma yake linachungulia tangi la maji la shule, tulichonyamazia ni shimo tu, na sasa tumekaa mbele ya shimo lenyewe kwenye viti vitatu vya plastiki, Mama katikati, ndugu yangu Billy kushoto kwake, mimi kulia, binti yangu Audrey mapajani mwangu ingawa ana miaka minane na viatu vyake vinagusa chini, familia ya marehemu, ndivyo tulivyoitwa kwa kipaza sauti, tunaomba familia moja kutoka kwa watazamaji ije ikae mahali pa familia ya marehemu, na Billy akainua mkono haraka mno, kama mwanafunzi aliyeuona mtihani jana yake, nikamkanyaga mguu lakini tulikuwa tumeshachaguliwa, watu wakapiga makofi, msichana aliyevaa ngozi juu ya taitsi nyeusi akamshika Mama mkono akamketisha, na hakupinga, hilo ndilo linaloniogopesha, mama yangu Nereah anayebishana na muuza maji kwa sababu mtungi haujajaa vidole viwili, hakupinga, aliweka mkoba mapajani akaangalia shimo, na hapo hapo sauti ikakata, spika zikakoroma mara moja zikanyamaza, na Jackie wa mitambo, msichana mwenye vipokea sauti shingoni, akaanza kuufuata waya kwa magoti kwenye nyasi kuelekea jenereta, pole wapendwa, dakika mbili tu, alisema kwa mdomo mtupu, dakika mbili hizo zimeshakuwa tano, na ng'ambo ya shimo mzee wa Kijaluo amesimama na tunda mikononi kama mtu aliyeachiwa mtoto na jirani aliyesema anaenda dukani, mzee mwenyewe si mzee na si Mjaluo, ni Khamala, Mluhya wa hapa hapa Kawangware, siku za kazi anauza vifuniko vya simu chini ya ghorofa ninayoishi, ndevu zake ni pamba na gundi, Audrey ananiuliza kama gundi inamuuma, nasema sijui, muulize baadaye, anasema atamuuliza sasa, nambana mapajani.

Historia Hai, limeandikwa bango la langoni, kana kwamba ile nyingine imekufa, mimi nina digrii ya historia, daraja la pili la juu, na sikumbuki mhadhara hata mmoja uliokuwa na viti vya plastiki na chapati nje, lakini nimlaumu nani, ni mimi niliyeliona tangazo, mimi niliyempigia Billy nikamwambia wataonyesha mazishi ya yago, kamili, na shimo na kilio na kila kitu, na Billy akasema, siz, hiyo ndio kitu Mathe anafaa kuona, na mimi nikasema ndiyo, kwa ile sauti yangu ya ofisini, ndiyo, aone kwa wengine kwanza, aone kwamba watu hufanya na jua huchwea na kuchomoza, yago, tunda la mwegea, refu na zito kama paja la mtu mzima, pale mikononi mwa Khamala limefungwa shuka jeupe na kamba mbili, kwetu mtu akichukuliwa na maji au vita au mji, asionekane tena, hawaziki hewa, wanachimba kaburi la kweli nyumbani kwao, wanalilaza tunda humo, wanalililia kwa jina lake, halafu walio hai wanaruhusiwa kuendelea kuishi, na sisi tunahitaji ruhusa hiyo, miaka miwili sasa, tangu ndugu yetu wa katikati, Jeconia, apotee kwenye mvua ile iliyong'oa kivuko cha miguu cha mtoni pale Gatwekera, mtaani kwa Mama, akawa anavusha watu mgongoni, akina mama na watoto wa shule na mzee mmoja na redio yake, alasiri nzima, kisha watu wakaona amerudi kumchukua mwingine, kisha hawakumwona, na Mama amekataa tunda, amekataa kabisa, na Billy ni kitinda mimba, hawezi kujenga nyumba kwetu kabla ya kaka yake aliyemtangulia, hawezi kumpeleka mwanamke lango la baba yetu huku Jeconia si hai wala si maiti, na Bridgit wake ana mimba ya miezi saba na watu wake wameanza kuuliza maswali kwa adabu, ile adabu ya mwisho kabla ya matusi, na Baba mdogo Ojwang anapiga simu kutoka nyumbani kila Jumapili baada ya kanisa, shemeji, boma limefungwa, shemeji, watoto hawaendi mbele hawarudi nyuma, tunangoja wewe, na Mama anaweka simu mbali na sikio ili majirani wa ploti nzima wasikie anavyomjibu, jibu ni lile lile, akirudi akute tumemzika ataingia kwa lango gani, kwa sababu aliyezikwa akirudi hapiti langoni, anatobolewa ua nyuma ya nyumba kama mwizi, mimi sitamzibia mwanangu lango, anasema, kisha anamuuliza Ojwang hali ya ng'ombe.

Asubuhi nilipofika kumchukua alikuwa ameshavaa, gauni la kanisani la kijani na sweta, dagaa zake za omena amemwachia jirani auze, akafunga mlango ule wa mabati ambao amekuwa akiufunga na kuufungua tangu mimi ni wa darasa la nne, tukapanda mpaka juu, na Soko la Toi ilibidi tupite ndani, sio pembeni, ndani, kwa sababu Mama hapiti Toi bila kusimama kwa mashati ya wanaume, hiyo ndiyo dini yake ya pili, anavuta shati kwenye rundo, analipima mgongoni mwa Billy, anasema hapana, Jeconia ni mpana kuliko huyu, ni, sio alikuwa, na wauzaji wanamjua, wanamwekea, Mama Jeko leo kuna ya mistari, na Billy amesimama amenyoosha mikono kama msalaba, anaangalia juu, anasubiri apimwe mgongo ambao si wake, na mimi nasimama kando nikisoma ujumbe kwenye simu ambao hakuna aliyenitumia, leo hakununua, alilirudisha lile la mistari akalikunja vizuri juu ya rundo, na nikajiambia, unaona, ameanza kuchoka, leo itawezekana… na kweli mpaka hapa alikuwa mchangamfu, alicheka kwenye lile behewa la reli la makaratasi, akamwambia mhunzi wa Kikuyu kwamba mvukuto wake hautoi hewa, na pale walipojenga nyumba ya mtaa ya zamani, udongo na mabati, kitanda na pazia, jiko la makaa, taa ya chemni, kamba imezungushwa na kikaratasi kinachosema tafadhali usiguse, akasimama muda mrefu, akamuuliza kijana mwelekezi kama mwenye nyumba ameenda sokoni, na yule kijana wa chuo akamweleza kwa upole kwamba hii ni namna watu walivyoishi zamani, na Mama akasema ahaa, zamani, jiko lao ni jipya kuliko langu, Billy alicheka mpaka akashika ukuta na kijana akamwomba asiguse ukuta.

Sasa hacheki, amekaa hivi, mikono juu ya mkoba, mgongo umenyooka kama yuko kanisani mbele ya askofu, Billy ananiangalia nyuma ya mgongo wake, ananiinulia nyusi, yuko sawa, mimi nabetua midomo, sijui, Billy ananong'ona kwamba itarudi tu, stima ya jenereta huwa hivi, kana kwamba ni stima ninayoogopa, na nyuma yetu mwanamke anayetafuna njugu anamwambia mwenzake, cheki huyo mama, anajua kuigiza, ona vile amekaa, na mwenzake anasema hao wamepangwa, si watu wa kawaida, wameletwa na wenye tamasha, na nataka kugeuka niwaambie, niwaambie nini, ndiyo tumepangwa, mimi ndiye niliyepanga, mimi ninayejifanya siwezi kuvumilia uongo, ninayerudisha ripoti za watu ofisini zikiwa na wino mwekundu, andika ulichokiona, si ulichotaka kukiona, mimi, mtu wa kuandika ulichokiona… Jackie amelifikia jenereta, amelipiga teke, limetikisika, halijawaka, watu wanacheka, Khamala anahamisha tunda kutoka mkono huu kwenda huu, ni zito kweli, naona mishipa ya shingo.

Nilichokiona, basi, kwa kuwa hakuna anayesikia, nilichokiona ni kidole gumba, siku ya kumi na moja baada ya mvua ile, tuliambiwa kuna mtu ametolewa mtoni huko chini, twende mochari tutazame, na mimi ndiye niliyesema Mama akae nje kwenye benchi, Billy alikuwa na homa, mimi ndiye msomi, mimi ndiye wa fomu, nikaingia na mhudumu anayeitwa Nyamai, mtu mpole aliyeniambia nipumue kwa mdomo, akavuta droo, uso sikuutazama kwa sababu haukuwa uso tena, nilitazama mkono wa kushoto, kucha ya gumba imegawanyika katikati toka juu mpaka chini, ile kucha aliyoipiga nyundo tukimwezekea Mama paa, alitukana matusi yote anayoyajua kwa lugha tatu na Mama akiwa ndani akisema nakusikia Jeconia, nikaitazama ile kucha, na Nyamai akauliza, ni yeye, dada, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama una chenji, na nikasema siye, hivyo tu, siye, nikasikia neno limeshatoka, na akasema pole, basi endeleeni kutafuta, akarudisha droo, na ile droo ina magurudumu, inateleza vizuri, haikupiga hata kelele… na kwa nini, kwa nini, nimejiuliza kwa kila lugha niliyosomeshwa, na jibu ni dogo kiasi kwamba linaaibisha, ni kwa sababu Alhamisi ile alinipigia, maji yameingia hadi kwa godoro, Adero, naweza kuja kwako siku mbili tatu, nilete godoro likauke huko juu, na mimi Ijumaa nilikuwa na wageni wa ofisini, chakula cha mchana, watu watano na mkurugenzi, watu walioamini natoka Kisumu mjini kwa baba mwalimu kwa sababu sikuwahi kuwaambia vingine, na nikamwona Jeconia mlangoni na matope mpaka magotini na godoro kichwani, nikasema njoo Jumamosi, akasema sawa, msomi, Jumamosi, hakukasirika, angekasirika ingekuwa afadhali, na Ijumaa alasiri, saa ambayo mkurugenzi alikuwa akiisifu kachumbari yangu, yeye alikuwa mtoni na mtu mgongoni, kwa hiyo kwenye droo ile isingeweza kuwa yeye, unaelewa, kama si yeye basi mimi sikusema njoo Jumamosi, ndiyo hesabu niliyoipiga, mtu mwenye digrii.

Kisha ukishasema siye huwezi kurudi kesho ukasema samahani nilikosea, au unaweza, watu hurudi, mimi sikurudi, likatoka tangazo gazetini, orodha ya ambao hawajachukuliwa, mwanamume, makadirio miaka ishirini na saba, alitolewa majini, asipochukuliwa atazikwa siku ishirini na moja baada ya tangazo hili, nikalikata nikaliweka ndani ya kitabu, nikawa nahesabu, siku ya tano, siku ya kumi na mbili, siku ya ishirini niliamka nikavaa viatu nikafika mpaka kwenye geti la mochari nikasimama pale na mwanamke anayeuza maua ya plastiki, akaniuliza nampelekea nani, nikasema nimepotea njia, na siku ya ishirini na mbili nilienda kazini, ndivyo ilivyokuwa, walizikwa pamoja, nilipiga simu mara moja kuuliza, nikajifanya mwandishi, ndiyo, walizikwa pamoja, wengi, mahali pamoja, hakuna majina, asante kwa kazi nzuri nikasema na nikakata, na tangu hapo nimekuwa mtetezi mkuu wa yago, mimi ambaye sikuwahi kuamini hata chumvi ikimwagika, nimesoma makala, nimempigia Baba mdogo Ojwang kumuuliza taratibu, nimemwambia Billy mila zina hekima yake, kwa sababu tunda likishaingia ardhini limeingia, udongo unapigwa juu, hakuna atakayeuliza tena ni nani alienda kutazama na aliona nini, Billy atajenga, Bridgit atapita langoni, mimi nitalia kama wengine, nitalia vizuri, na tunda litaoza polepole chini na uongo wangu tumboni mwake, ndiyo sababu nimekaa hapa nikiomba jenereta liwake, liwake, Mama aone, akubali, tumalize… Audrey anasema mama unanibana, kweli nambana, nalegeza.

Khamala amechoka kusimama, amezunguka shimo na tunda lake, amechuchumaa mbele ya kiti cha Mama, ndevu zimebanduka upande mmoja, anaongea kwa sauti yake ya kuuza vifuniko, anamwambia Mama asiwe na wasiwasi, sauti ikirudi atamuuliza jina la mtoto aliyepotea, ni igizo tu, ataje jina lolote linalomjia, hata la kubuni, watu wasikie, halafu wanalaza tunda na kina mama kule nyuma wanaanza kulia, yeye akitaka kulia alie, asipotaka ainamishe kichwa, na Mama anamsikiliza mpaka mwisho, anamwambia asante baba, umechoka, keti kidogo, na Khamala anakaa kwenye ukingo wa shimo miguu ikining'inia ndani, tunda mapajani, kijana wa watu, na Billy kichwa chake kiko kwa jenereta, amesimama sasa, anaenda huku akimfokea Jackie maelekezo kutoka mbali, choke, vuta choke kwanza, na Mama hageuzi kichwa, anatazama mbele pale pale, anaongea Kijaluo, lugha ninayoielewa yote na kuizungumza nusu, anaongea chini, kama anayeuliza saa.

"Yago ni ya mtu ambaye hakuna aliyemwona."

Nasema ndiyo, Mama.

"Na wewe ulimwona."

Na nasikia masikio yangu yamejaa kitu kama pamba, nasikia Billy anasema choke, choke, Audrey anachezea kifungo cha mkono wa sweta yangu, anakifungua, anakifunga, natafuta sauti ya ofisini, haipo, natafuta ile ya mochari, ile ya neno moja, na hata ile imekwenda, nasema Mama, kisha sisemi kingine, na yeye hanisaidii, hajawahi kunisaidia kumaliza sentensi, alikuwa akisema mtoto aliyesomeshwa amalize mwenyewe, nauliza ulijua lini, namuuliza kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kijaluo sina neno la kujificha, na anasema siku ile ile, pale kwenye benchi, anasema pale benchini walikuwa wamekaa kina mama wengine, na kila aliyetoka ndani bila kumwona mtu wake alitoka akicheka, aibu imemjaa lakini anacheka, anamkumbatia hata askari wa mlangoni, "na wewe ulitoka ukaniuliza kama nimekunywa chai," na kweli, Mungu wangu, kweli, nilimuuliza kama amekunywa chai, na akasema ndiyo nimekunywa, na hakuwa amekunywa, wapi angekunywa, tukatembea hadi barabarani mimi na yeye, kila mmoja akimdanganya mwenzake juu ya chai.

Miaka miwili, basi, namtazama upande wa uso, lile kovu dogo la moto wa jiko kwenye shavu, namtazama kama mtu niliyeonyeshwa picha yake kwenye kitabu, miaka miwili, mashati ya Toi, hapana Jeconia ni mpana kuliko huyu, sauti juu ili wote wasikie, simu mbali na sikio ili ploti isikie, lango, sitamzibia mwanangu lango, wakamwita kichwa ngumu, wakamwita mama wa watu aliyechanganyikiwa na maji, mchungaji alikuja kumkemea, Ojwang alimwambia anamlaani mjukuu ambaye hajazaliwa, na yeye akawauliza hali ya ng'ombe, hakuwa akimngoja Jeconia, Jeconia alimlilia peke yake siku gani sijui, akiwa na karai la omena labda, kimya kimya, na wote hao alikuwa akiwazuia kwa ajili yangu, kwa sababu angesema tu, haitafaa tunda, mtoto wangu ameonekana, wangeuliza ameonekana na nani, na yule mwanamke wa njugu yuko sahihi, huyo mama anajua kuigiza, ni yeye peke yake kwenye uwanja mzima anayejua, ameniigizia matumaini miaka miwili mchana kweupe mbele ya mtaa mzima, na mimi msomi nimekaa mstari wa mbele nikaamini, nikaja na mpango wa kumwonyesha igizo.

Namuuliza kwa nini hukuniuliza, ungeniuliza tu, na anavuta pumzi kama mtu anayeelezea kitu ambacho kila mtu anakijua, anasema aliyeona ndiye huanza, kilio hakianzi kwa mtu ambaye hakuona, mimi sikuona, ningelia nini, ningelia kwa macho ya nani, nikasema moyoni Adero atakuja, atanikuta nikiosha samaki, atasema, na hukuja, ulikuja na sukari, ulikuja na blanketi, ulikuja na habari za mila, anasema habari za mila na mdomo wake unapinda kidogo upande, na nauona ule upande wa Jeconia kwenye mdomo wake, nakuwa sioni vizuri, uwanja umejaa maji, Khamala na ndevu zake na tunda lake wote wamejaa maji.

"Yuko wapi sasa?"

Na hili hakulijua, naona kwenye shingo yake kwamba hili hakulijua, kwamba miaka yote hii alidhani bado yuko mahali, kwenye droo, ananingoja kama yeye, na natamani hata sasa kusema sijui, lile neno lingine dogo, liko mdomoni tayari, lina magurudumu, lakini nasema walimzika, Mama, walimzika na wengine, na naona mkono wake umeacha mkoba umeshika kitambaa cha gauni gotini, unakishika, unakiachia, anauliza wangapi, nasema sijui, wengi, anauliza wanaume tu au na watoto, nasema sijui, Mama, sikwenda, na anarudisha mkono juu ya mkoba.

"Basi hayuko peke yake."

Na hapo ndipo kitu kinapopanda, hakitoki kifuani, kinatoka chini zaidi, kwenye miguu labda, kwenye nyasi hizi za uwanja wa shule, kinapanda bila kuniomba ruhusa na ninajua ni nini, nimekisikia kwa wengine tangu utotoni kikipita ukuta wa mabati mmoja hadi mwingine, na mdomo umeshafunguka, Audrey amegeuka ananitazama kwa macho makubwa, mama, nini, na mkono wa Mama umenikamata, mkono wa kupara samaki, mgumu, umenikamata kifundo cha mkono kama nilipokuwa mdogo nikitaka kuvuka barabara, si hapa, anasema, hawa wamelipa wamekuja kutazama mchezo, si hapa, utaanzia mlangoni kwangu tukifika, kwa sauti, majirani watoke, Billy asikie kutoka kwako wala si kutoka kwangu, kesho utampigia Ojwang wewe mwenyewe, halafu wewe na mimi tutaenda pale mahali, tutachukua udongo wa pale tuupeleke nyumbani, utajua utakachowaambia walinzi, wewe ndiye unayejua kuongea, na nasema ndiyo Mama, ndiyo Mama, kinachopanda kinasimama kooni kinangoja, sikujua kwamba kinaweza kungoja, na Billy anarudi akijifuta mafuta ya jenereta kwenye suruali yake nzuri, anakaa, ananiinulia nyusi nyuma ya mgongo wa Mama, ameonaje, na simjibu, nitamjibu, jua bado liko juu na nitamjibu kabla halijashuka, na kule kwenye waya Jackie anatikisa kichwa, bado, na watu wengine wameanza kuondoka wakifuata harufu ya chapati, na Khamala anainuka kutoka ukingoni, anajipangusa udongo, anabandika ndevu kwa kidole gumba, anamuuliza Mama kwa unyonge kama atavumilia kidogo tu, kama familia bado iko tayari, na namsubiri Mama asimame, achukue mkoba, atuongoze nje kwa hasira ile anayoiweka kwa muuza maji, lakini anamwambia tuko, baba, tuko, kisha kwangu, kwa Kijaluo, bila kugeuza kichwa, "Wacha kwanza tuwasaidie hawa wazike tunda lao," na anakaa sawa, ananyoosha gauni lililokunjamana gotini, na mimi namtelemsha Audrey, namsimamisha kando yangu, nakaa wima mbele ya shimo, dada wa marehemu, kwa mara ya kwanza tangu afe.